Kabla hujasema "mwaka huu ni wetu"

Msimu ukifika katikati, mashabiki wa timu moja ya kikapu huanza kuvutana. Wako waliotazama msimamo wakaona timu iko nafasi ya tatu au ya nne, nao wanasema kombe linakuja nyumbani. Wako wanaokumbuka vipigo viwili kutoka kwa vigogo, nao wanawaambia wenzao waache kuota. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchambua mechi, kukata video na kuhesabu zamu za kushambulia moja baada ya nyingine, kwa hiyo swali hili huletwa kwangu kila mara. Naliheshimu sana, maana anayeuliza ameipa timu yake jioni nyingi za maisha yake na anastahili jibu la maana.

Jibu langu huanzia kwenye tofauti ya pointi. Msimamo unahesabu ushindi wa pointi 1 sawasawa na ushindi wa pointi 25, na hapo ndipo unapowapoteza watu. Mechi zinazoamuliwa dakika ya mwisho hazikai upande wa mtu: mwezi huu utazishinda zote, mwezi ujao mtupo uleule utagonga ringi na kutoka. Timu iliyojaza ushindi wa namna hiyo huonekana kubwa kuliko ilivyo. Chukua pointi ilizofunga, toa ilizofungwa, kisha tafuta wastani. Sisi wachambuzi huihesabu kwa kila zamu 100 za kushambulia, kwa sababu kuna timu zinazokimbia na timu zinazotembea, na ukilinganisha jumla tu utaidhulumu inayotembea.

Katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Boston Celtics wa msimu wa 2023–24 walishinda mechi 64 kati ya 82, tofauti yao ikiwa wastani wa zaidi ya pointi 11 kwa mechi, na wakabeba kombe. Oklahoma City Thunder waliofuata walishinda 68, na tofauti yao ilikaribia pointi 13, kubwa kuliko timu yoyote katika historia ya NBA. Wakawa mabingwa wa 2025. Lakini hata hao walifikishwa na Indiana Pacers hadi mechi ya saba, ya mwisho, ya fainali. Kipimo changu mwenyewe ni hiki: tofauti ikiwa chini ya pointi 3, unionyeshe sababu nzito kabla sijakubali kuzungumzia ubingwa. Ikivuka 6, tukae tuzungumze.

Hapo daima mtu hunitajia Houston Rockets wa 1995. Walishinda mechi 47 tu, wakaingia mtoano wakiwa wa sita katika kanda yao, wakachukua ubingwa. Hakuna bingwa aliyewahi kuanzia chini zaidi yao. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana inafaa kutazamwa kwa makini. Wale walikuwa mabingwa watetezi, wana nyota Hakeem Olajuwon, na Februari ya msimu huo walimpata nyota mwingine, Clyde Drexler. Takwimu za msimu mzima zilichanganya timu mbili tofauti. Detroit Pistons, mabingwa wa 2004, nao walimchukua Rasheed Wallace mwezi Februari, na Machi kuna mechi tano mfululizo ambazo hakuna mpinzani wao aliyefikisha pointi 70. Basi timu yako ikibadilika katikati ya safari, au nyota wake akirudi kutoka kwenye majeraha, kata msimu pale pale na uhesabu upya. Nambari ya Novemba inaeleza timu ambayo haipo tena.

Tuseme nambari zimekubali. Hapo ndipo sehemu ninayoipenda inapoanza, na ndipo mabishano mengi hukomea bila kuifikia.

Katika msimu wa kawaida mpinzani anakutana nawe leo, kesho yuko uwanja mwingine na timu nyingine. Hana muda wa kukusoma. Katika mtoano mnakabiliana mpaka mmoja ashinde mechi nne, na kombe linadai ushindi kumi na sita wa namna hiyo. Karibu wiki mbili nzima watu kama mimi wanakaa gizani na video zako, wakitafuta kitu kimoja unachokifanya vizuri kuliko vyote ili wakuondolee. Kwa hiyo ninapoulizwa kama timu inaweza kuwa bingwa, mimi huuliza: silaha yenu ya kwanza ikichukuliwa, mnabaki na nini?

Utah Jazz wa 2021 ndio mfano ninaourudia mara nyingi. Walikuwa na rekodi bora ya ligi nzima, ushindi 52 katika msimu uliofupishwa kuwa mechi 72. Senta wao, Rudy Gobert, alikuwa ametangazwa mlinzi bora wa mwaka. Ulinzi wote ulijengwa juu yake: anasimama karibu na ringi, wenzake wanawabana watupaji kule nje bila hofu, kwa kuwa anayewapita atamkuta yeye mlangoni. Katika mzunguko wa pili Los Angeles Clippers walimweka benchi senta wao na kupanga watu watano wanaoweza kutupa kutoka mbali. Gobert akitoka kumfuata mtu wake aliyesimama kwenye kona, mlango unabaki wazi. Akibaki mlangoni, kona iko wazi. Mechi ya sita Clippers walikuwa nyuma kwa pointi 25, tena bila nyota wao Kawhi Leonard aliyeumia, wakageuza na kushinda. Terance Mann, ambaye Utah walikuwa radhi kumwachia mitupo, alifunga 39.

Watu wengi walimlaumu Gobert. Mimi niliirudia video ile mara nyingi, na ninachokiona kila mara kinatangulia hatua mbili: mchezaji wa nje anapitwa kwa chenga ya kwanza, Gobert analazimika kuziba, ndipo pasi inakwenda kona. Kosa lilianzia mbele, likaonekana nyuma. Haki inataka niseme pia kwamba Mike Conley, mpangaji wa mashambulizi wa Utah, aliukosa karibu mfululizo wote ule wa mechi kwa sababu ya jeraha, na Utah wakiwa na Conley aliye fiti ni timu nyingine. Hata hivyo hawakuwa na mpango wa pili wa ulinzi. Msimu mzima hawakuuhitaji, kwa hiyo hawakuujenga.

Upande wa kushambulia kuna Atlanta Hawks wa 2015. Ushindi 60, wachezaji wanne kwenye mechi ya nyota wote, pasi zinazopendeza macho. Katika fainali ya Kanda ya Mashariki Cleveland ya LeBron James iliwafagia mechi nne kwa sifuri. Walikuwa na majeruhi, hilo silifichi. Ila pasi zao zilipokatwa njiani, hapakuwa na mtu wa kupewa mpira huku saa ikiwa imebakiza sekunde tano na kuambiwa tengeneza mwenyewe.

Ukitaka kuijua timu yako bila kufungua jedwali lolote, acha kuufuata mpira kwa robo moja. Kila saa ya sekunde 24, muda ambao timu hupewa kutupa mpira, ikishuka chini ya 7, tazama mpira uko mikononi mwa nani na kama anaonekana kuutaka. Kisha geukia ulinzi: mpinzani anamtafuta nani? Timu nzuri huweka skrini, yaani mchezaji humzibia mlinzi njia kwa mwili wake, tena na tena mpaka mchezaji wenu dhaifu alazimike kubaki peke yake na nyota wao. Kama mfungaji wenu wa tatu ndiye anayewindwa, kocha atafika mahali achague kati ya pointi zake na ulinzi, na uchaguzi huo umeua safari nyingi.

Benchi refu ninalijali kidogo kuliko mashabiki wanavyolijali. Katika mtoano nyota hucheza dakika 40, na kocha huwaamini watu saba au wanane basi. Yule wa kumi anayewafurahisha Januari hutamwona Mei. Afadhali mtu wa saba asiyeweza kuwindwa kuliko watatu wazuri wa kupokezana.

Bahati nayo ipo, na siwezi kuiweka kando. Houston wa 2018, ushindi 65, walikuwa mechi moja tu kutoka kuwaondoa Golden State Warriors. Nyota wao Chris Paul akaumia msuli wa paja, na katika mechi ya saba timu ikakosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo. Timu ile ingestahili kombe miaka mingi. Ninapowaza mitupo ile bado inaniuma, ingawa sikuwa nikiishangilia. Wengine watanikumbusha Miami wa 2023, waliofungwa pointi nyingi kuliko walizofunga msimu mzima na bado wakafika fainali. Walifika, Denver wakawashinda mechi nne kwa moja.

Ninachotamani mashabiki wakione ni kwamba mabishano haya yana kazi. Viongozi wa timu hujiuliza swali hilohilo, na wakijidanganya, miaka mitatu ya ujana wa mchezaji bora inapotea. Toronto Raptors wa 2018 walishinda mechi 59, wa kwanza katika kanda yao, kisha Cleveland wakawafagia nne kwa sifuri. Ingekuwa rahisi kusema tujaribu tena, rekodi si mnaiona. Badala yake wakamfukuza kazi kocha Dwane Casey, aliyetangazwa kocha bora wa mwaka huohuo, na wakamtoa DeMar DeRozan, mtu aliyependwa mno pale, ili wampate Kawhi Leonard, ambaye angeweza kuondoka baada ya msimu mmoja. Sehemu ya mashabiki ilikasirika, na ninawaelewa.

Mei 2019, mechi ya saba dhidi ya Philadelphia, matokeo 90 kwa 90, saa ikiyoyoma, silaha zote za kwanza zikiwa zimezimwa. Leonard akakimbia hadi kona ya kulia na kutupa juu ya mikono ya Joel Embiid, senta wa Philadelphia. Mpira ukagonga ringi mara nne, ukaingia. Juni wakawa mabingwa. Julai Leonard akaondoka.