Je, wajua kwa nini wanawake husifiwa zaidi, ilhali madaraka hukabidhiwa wanaume?

Katika Soko la Mbuyuni mjini Moshi, mtu mwenye haraka anayetaka kuacha mzigo wake kwa dakika chache humtafuta mama aliyekaa nyuma ya mikungu ya ndizi za mshare. "Mama, naomba uniangalizie kapu langu, narudi sasa hivi." Mama hulivuta kapu karibu na miguu yake, bila hata kuuliza jina la mwenyewe. Vijana wa mikokoteni waliosimama hatua mbili tu kutoka hapo hawaombwi, ingawa hawajamkosea mtu, na jambo hilo huniuma kila ninapoliona.

Mwelekeo huo umepimwa. Mwaka 1989 na miaka iliyofuata, watafiti Alice Eagly na Antonio Mladinic waliwauliza wanafunzi wa chuo nchini Marekani wanawaonaje wanawake na wanaume kwa jumla, wakakuta kwamba wanawake walipewa alama nzuri zaidi, hata na wanaume wenyewe. Mwaka 2004, Laurie Rudman na Stephanie Goodwin walipima kasi ambayo mtu huoanisha maneno mazuri na jinsia fulani kabla hajapata nafasi ya kutafakari. Wanawake walielemea sana upande wa wanawake wenzao, lakini wanaume hawakuonyesha upendeleo wa namna hiyo kwa jinsia yao. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni ukaribu wa mtoto na mama, pamoja na mazoea ya kuwahusisha wanaume na ukatili.

Eagly alitoa maelezo mengine, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi: tunamjengea mtu tabia kutokana na kazi tunayomwona akiifanya. Kwa kuwa tangu utotoni tumewaona wanawake wakilea, wakiuguza na wakipika, tunaamini kwamba huruma ni maumbile yao, na huruma ni sifa inayopendwa kuliko ujasiri au ushindani. Ila si sifa tunayoitafuta tunapomchagua kiongozi.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambapo mama mmoja mchuuzi alipendekezwa kuwa mwenyekiti. Mzee mmoja akasimama, akasema kwa upendo wa kweli: "Mama yetu huyu ni mpole mno, tusimtwishe ugomvi wa watu." Wajumbe wakapiga makofi, na kiti kikaenda kwa mwanamume.

Peter Glick na Susan Fiske, pamoja na wenzao, waliuchunguza upendo wa aina hiyo katika nchi 19, zikiwemo Nigeria, Botswana na Afrika Kusini, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waligundua kwamba katika nchi ambako watu hushikilia zaidi kuwa mwanamke ni kiumbe safi wa kulindwa, ndiko pia wanakomshuku na kumpinga zaidi anapodai haki sawa. Mzee yule hakuwa na chuki hata kidogo, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumjibu: ni vigumu kupinga uamuzi uliovikwa sifa.

Mama alishukuru, akalifungua daftari la michango, akaendelea kuhesabu fedha za kikundi kizima.