Raha mustarehe: maana yake na lilikotoka

"Mwalimu, huyu Mustarehe ni nani?"

Aliyeniuliza ni kijana wa bodaboda pale siteji ya Old Kampala. Alikuwa amelala chali juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani, akingoja abiria. Redioni alisikia fulani anaishi "raha mustarehe", akadhani hilo ni jina la tajiri. Nikamwambia, Mustarehe ni wewe, hivyo hivyo ulivyolala.

Raha mustarehe ni hali ya mtu asiyebanwa na kitu. Hadaiwi, haharakishwi, hana wa kumuuliza umetoka wapi. Mali si sharti. Anayekula kuku kila siku huku simu za wanaomdai zinamkatiza usingizi, raha labda anayo, lakini mustarehe bado.

Maneno yote mawili ni ya Kiarabu, tena ya mzizi mmoja. Raha ni mapumziko. Mustarehe limetokana na mustarih, yaani aliyepumzika. Kwa hiyo tunasema jambo lile lile mara mbili ili likolee. Ndugu yao wa karibu ni starehe, ambalo Waarabu huanza kulitamka kwa i: istaraha. Waswahili waliidondosha hiyo i, kama walivyofanya kwa stahili, stahiki na staarabu.

Wapo ndugu wengine ambao wengi hawawatambui. Roho ni mmoja. Mwingine ni tarawehe: swala hizo za usiku wa Ramadhani zilipewa jina hilo kwa ajili ya mapumziko ambayo waumini huyapata kila baada ya rakaa nne. Basi anayeswali tarawehe msikitini Kibuli na anayestarehe na chupa yake kwenye baa za Kabalagala wametoka ukoo mmoja wa maneno, wapende wasipende.

Hapa Uganda starehe limeelemea upande wa Kabalagala. Ukisema fulani anapenda starehe, watu wanaona baa, nyama choma na ada ya watoto iliyokwisha kabla muhula haujaanza. Pwani nako maana hiyo ipo, ila neno limebaki na adabu yake ya zamani: ukiingia ukamkuta mtu anataka kuinuka akupishe, unamwambia "Starehe!", yaani kaa, usijisumbue. Nilimwambia hivyo mzee mmoja hapa Kampala, akanitazama kama nimemwalika baa saa nne asubuhi.

Waganda wao wana okweyagala, ambalo ukilifasiri neno kwa neno ni kujipenda. Mimi naliona zuri kuliko letu, maana halikuazimwa kokote.

Neno raha mustarehe lisichanganywe na uhuru, ingawa wapo wanaoyatumia kwa pamoja. Uhuru una bendera, una wimbo na una tarehe: 9 Oktoba 1962. Mtu anaweza kuwa huru kabisa kisheria na asiijue raha mustarehe hata siku moja, na mfungwa aliyelala usingizi mzito Jumapili mchana akawa nayo kwa saa mbili.

Nilikuwa bado naeleza habari za mzizi pale mama mmoja mwenye mifuko miwili ya ndizi aliposimama mbele yetu. Kijana akakurupuka, akavaa kofia, akapiga kiki.

"Mustarehe anakwenda Ntinda," akaniambia. "Mengine utanimalizia nikirudi."