Ijumaa saa 00:00: kabla hatujahamia Moodle 5.0

Muhula uliopita mhadhiri mmoja alinipigia simu akiwa amekasirika. Karibu darasa zima limeandikiwa kwa wekundu kwamba limechelewa kuwasilisha asaimenti, na CR, yaani kiongozi wa darasa, anaapa kuwa wenzake waliwasilisha Ijumaa mchana, siku ileile waliyopewa. Nikafungua mipangilio ya kozi yake. Tarehe ilikuwa Ijumaa, saa 00:00.

Yeye aliisoma "Ijumaa saa sita usiku", akawa anafikiria usiku ule Ijumaa inapoisha. Moodle, mfumo wetu wa kuendeshea kozi mtandaoni, inasoma dakika ya kwanza kabisa ya Ijumaa, yaani ule tunaouita usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati nusu ya wanafunzi wamelala na nusu wako kwenye bando la usiku. Tukacheka. Akaupuuza ule wekundu, akasahihisha kama kawaida, yakaisha.

Yaliisha kwa sababu tuko toleo la 4.5, ambalo likiona umechelewa linasema tu. Toleo la 5.0, lililotoka Aprili 2025, linaweza kukata alama. Tunalihamia likizo hii, na kwa wiki mbili sasa naulizwa kuhusu akili unde (AI) peke yake. Nitafika huko, lakini kwanza tuzungumze alama.

Zamani, ukiwa na kanuni ya "kila siku ya kuchelewa asilimia tano", ulikuwa unaipiga mwenyewe kwa kikokotoo, au unampa mtu Excel na kumwombea. Sasa unaandika kanuni ndani ya kozi: akichelewa hadi siku moja punguza kiasi hiki, hadi siku tatu kiasi kile, zaidi ya hapo kiasi kingine. Ukimpa mwanafunzi alama, mfumo wenyewe unapunguza na kuonyesha kwamba umepunguza. Haifanyi kazi hadi sisi wa upande wa seva tuiwashe, kisha wewe uikubali kwenye asaimenti husika. Kwa hiyo hakuna atakayeamka akute alama za watu zimeliwa bila yeye kugusa kitu. Ila ukishaigusa, ile 00:00 yako inaacha kuwa utani.

Ndipo inapobidi kutofautisha tarehe mbili ambazo wengi wetu tumezifanya mapacha. Kuna tarehe ya kuwasilisha, na kuna tarehe ya kufunga. Ya kwanza haizuii mtu: ikipita, kazi bado inapokelewa, ila inahesabiwa imechelewa. Ya pili ndiyo mlango. Ikipita, kitufe cha kuwasilisha kinatoweka. Nimeona kozi nyingi ambazo tarehe ya kufunga haijawashwa kabisa, na mhadhiri anashangaa kupokea kazi wiki tatu baadaye. Nimeona pia kozi ambazo tarehe zote mbili zimewekwa dakika ileile, na hapo adhabu ya kuchelewa haina maana yoyote kwa sababu hakuna anayeweza kuchelewa. Ukitaka kanuni ya kukata alama ifanye kazi, lazima kati ya tarehe hizo mbili pawe na nafasi. Siku tatu, tano, wewe ndiye unayejua wanafunzi wako.

Kwa aliyefiwa au aliyelazwa, usiisogeze tarehe ya darasa zima. Nenda kwenye jina lake katika orodha ya kusahihisha, mpe muda wa nyongeza yeye peke yake. Nyongeza hiyo inampitisha hata kama mlango umefungwa kwa wengine.

Na saa? Mimi naweka 17:00, siku ya kazi. Sababu yangu haina utaalamu wowote: intaneti ikisumbua saa kumi na nusu jioni, kuna mtu ofisini wa kupokea simu. Anayependa usiku aweke 23:55. Saa 00:00 naomba tuiache.

Jambo la pili ni benki ya maswali, na hili ndilo litakalowachanganya wakongwe. Tangu 4.0, ya mwaka 2022, kila swali lina matoleo yake: ukilihariri, la zamani halifutiki, na unaweza kuliacha kama rasimu hadi uridhike nalo. Hiyo inabaki. Kinachobadilika ni mahali maswali yanapokaa. Zamani yangeweza kukaa kwenye kozi, au juu kidogo kwenye kategoria ya idara, au kwenye mfumo mzima, na kusema kweli kategoria ya idara ilikuwa kama stoo ya msibani: kila mtu kaleta sufuria, hakuna anayejua ni la nani. Kwenye 5.0 benki ya maswali ni kitu kamili kinachowekwa ndani ya kozi, kama jukwaa au asaimenti. Kozi moja inaweza kuwa na benki kadhaa, na benki ya kozi moja inaweza kutumiwa na kwizi ya kozi nyingine. Kila kwizi pia ina benki yake ya ndani, kwa maswali ambayo hutaki yaonekane kwingine.

Sharti lake ni kwamba ili uchote maswali ya benki fulani, uwe na ruhusa kwenye kozi ilipo benki hiyo. Mnaofundisha watatu somo moja la mwaka wa kwanza, msiweke benki kwenye kozi ya mmoja wenu. Akihamia chuo kingine mtaanza kutafutana. Ombeni kozi tupu ya idara, isiyo na wanafunzi, nyote watatu muandikishwe kama walimu, benki ikae humo. Wanafunzi hawatakiwi kuandikishwa humo hata kwa bahati mbaya. Nasisitiza kwa sababu nimeshaona.

Maswali ya zamani yatahamishwa na mfumo wenyewe, nyuma ya pazia, na kwa seva yenye miaka mingi ya mitihani hiyo si kazi ya dakika tano. Ukiingia asubuhi ya kwanza ukakuta benki haijakamilika, usianze kuyapakia upya. Utayapata mara mbili, kisha utanitafuta mimi.

Vifungu vidogo ndani ya mada vilikuja na 4.5, na wachache wameviona. Mada ya wiki yenye vitu ishirini na tano unaigawa: mihadhara huku, mazoezi kule, na ukificha kifungu, vyote vilivyomo vinafichika. Huwezi kuweka kifungu ndani ya kifungu. Bora hivyo.

Haya, akili unde. Mlango wake ulifunguliwa kwenye 4.5: kutunga maandishi au picha ndani ya kihariri, na kumfupishia mwanafunzi ukurasa anaousoma. Kwenye 5.0 kumeongezwa kumfafanulia ukurasa huo, pamoja na njia ya kutumia modeli ya akili unde iliyo kwenye seva yenu wenyewe kupitia Ollama, programu ya kuendeshea modeli hizo, badala ya kulipia kampuni ya nje. Vyote vinahitaji sisi tuunganishe huduma, na kila mtumiaji akubali masharti kabla ya kutumia. Ushauri nilioupeleka kwa wakubwa ni kwamba tuanze kwa kuzima. Ukurasa wa maneno mia tatu hauhitaji muhtasari, na wa maneno elfu sita unahitaji mhadhiri aupunguze.

Kabla ya likizo, kila mwenye kozi apitie tarehe za asaimenti anazonakili kila mwaka, maana ukinakili kozi unanakili na kanuni zake. Mafunzo yatafanyika maabara ya kompyuta ya ghorofa ya kwanza. Njoo na laptopu iliyojaa chaji. Soketi zinazofanya kazi ni nne.