Si kila kinachoimbwa chini ya kofia ndefu ni cha enzi ya Victoria

Wiki hii nimepata tena ombi lile lile. Mwandaaji wa tamasha la Krismasi hapa Uingereza anataka kundi letu la waimbaji wanne: wanaume wenye kofia ndefu nyeusi, wanawake wenye sketi pana na kofia za kufungia kidevuni, nao waimbe nyimbo halisi za enzi ya Malkia Victoria tu, cha kisasa asikisikie. Chini ameweka orodha yake. Wa kwanza ni Rudolph, yule mnyama wa pua nyekundu. Jamani! Huo ni wimbo wa Marekani wa mwaka 1949.

Ingekuwa mara ya kwanza ningenyamaza. Lakini ni kila Desemba, na hata wanakwaya wenzangu wa nyumbani, Afrika Mashariki, huniuliza habari za "hizo nyimbo zenu za Victoria" kana kwamba zote zilitoka kwenye sanduku moja.

Tarehe kwanza, haraka. Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Usiku Mtakatifu uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi 1818, kwa sauti mbili na gitaa. Victoria mwenyewe alizaliwa Mei 1819. Carol of the Bells, ule wa kengele unaopigwa kila duka, ni kazi ya Mykola Leontovych wa Ukraine. Uliimbwa Kyiv mwaka 1916, na maneno yake ya Kiingereza ni ya 1936. Jingle Bells angalau umeangukia ndani, 1857, ila ni wa Marekani na hautaji Krismasi hata mara moja.

Hayo ya tarehe yanarekebishika. Kinachonikera ni dhana kwamba wimbo una umri mmoja. Mwanakwaya yeyote anajua kuwa wimbo ni maneno, ni tuni, na ni mpangilio wa sauti, na kila kimoja kina tarehe yake. Chukua Hark! The Herald Angels Sing. Maneno ni ya Charles Wesley, 1739, na hata hayo yalibadilishwa baadaye. Tuni ni ya Felix Mendelssohn, mtunzi wa Ujerumani, aliyeitunga 1840 kwa sherehe za Leipzig za kumkumbuka Gutenberg na uvumbuzi wa uchapaji. Tena Mendelssohn mwenyewe aliandika kwamba tuni ile haitafaa maneno matakatifu! Akafa 1847. Mwaka 1855 mpiga kinanda wa Waltham Abbey, William Cummings, akaviunganisha viwili hivyo, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuvitenganisha. Kwa hiyo ukiniuliza kama wimbo huo ni wa enzi ya Victoria, nitakujibu kwamba ndoa ilifungwa Uingereza ya Victoria, lakini wanandoa walitoka kwingine.

Good King Wenceslas nao ni hivyo hivyo. Tuni yake imo katika kitabu cha mwaka 1582, na huko ilikuwa na maneno ya kushangilia maua yanayochanua baada ya baridi. John Mason Neale ndiye aliyeipa, 1853, habari za mfalme anayempelekea maskini chakula na kuni kwenye theluji. Siku yenyewe ni ya Mtakatifu Stefano, 26 Desemba. Ndani yake hamna hori, malaika wala mtoto.

Halafu kuna The First Nowell. Tuni yake ilichapwa na William Sandys mwaka 1833, Victoria akiwa bado msichana. Mwaka 1822 Davies Gilbert alikwisha kutoa kitabu cha nyimbo za Krismasi, na kwenye jina la kitabu akaeleza kuwa tuni zake ni zile zilizokuwa zikiimbwa zamani magharibi mwa Uingereza. Zamani, kwa mtu wa 1822! Watu hawa walikuwa wakikusanya kitu walichoona kinapotea. Ule mpangilio wa sauti nne tuliouzoea ulikuja 1871, katika mkusanyo wa Bramley na Stainer. Ukisikia utulivu ule ukadhani ni wa karne nyingi, unamsikia John Stainer.

Na ile sauti ya juu ya ubeti wa "Sing, choirs of angels" wa O Come, All Ye Faithful, inayopaa juu ya kila mtu? Niliambiwa na mteja kwamba bila hiyo hatujaimba kama enzi zile. Ni ya David Willcocks, 1961. Aliiandika kwa kanisa lililojaa, watu wote wakiimba tuni na kinanda kikiwa chini yao kama sakafu. Sisi tuko wanne, nje, bila kinanda. Soprano akipaa, tuni inabaki kwangu, sauti ya pili, huku tenori na besi wakihangaika kuziba pengo. Tunaiimba kwa sababu tunalipwa, lakini msiibandike jina la Victoria.

Kuhusu mavazi, watu huuliza koseti kwanza, ile nguo ngumu ya kubana kiuno. Koseti haina shida: unaifunga ukiwa umevuta pumzi, mbavu zimepanuka, kisha unaimba ukisukumana na ugumu wake. Adui ni kofia. Ukingo wake unaziba macho ya pembeni, na kitambaa kinafunika masikio, hivyo besi aliye hatua moja tu kutoka kwangu ninamsikia kwa mbali. Sauti zisizo na kinanda, kwenye baridi, huteremka kidogo kidogo, na usipomsikia mwenzio mnafika ubeti wa nne mko chini ya mlipoanzia. Ndiyo maana tunasimama nusu duara, nyuso zikielekeana. Waandaaji hutupanga mstari ili picha itoke vizuri, na hapo hapo wimbo unaanza kushuka. Mimi huisogeza kofia nyuma ya masikio, mtaalamu wa mavazi asipende.

Jambo moja sijalimaliza moyoni. Katika kitabu cha hadithi cha Charles Dickens cha 1843, anayekuja kuimba kwenye tundu la ufunguo la bahili Scrooge ni kijana mmoja mwenye baridi, naye anakimbizwa kwa rula. Wengi walioimba mitaani walikuwa watu wa namna hiyo, wakitafuta senti. Tunapowaigiza tukiwa ndani ya majoho ya sufu na kofia za matajiri, tunawakumbuka au tunawafuta? Nilipendekeza mmoja wetu avae kama mchuuzi wa barabarani. Mwandaaji akakataa, akasema picha zitaharibika.

Kitu ninachoweza kukiita cha enzi ya Victoria bila kusita hakionekani kwenye picha yoyote. Ni solfa, yaani kuandika tuni kwa herufi kama d r m. Sarah Glover wa Norwich alianzisha mfumo wake, na mchungaji John Curwen akauendeleza kuanzia miaka ya 1840 ili watoto wa shule ya Jumapili na vibarua waweze kuimba sauti nne bila kusoma nota za mistari mitano. Wakati huo huo mchapishaji Novello wa London akawa anachapa nakala za bei nafuu, na watu wa kawaida wakaanza kujaza kwaya. Wamisionari wakaileta solfa kwetu, na hadi leo mwalimu wa kwaya wa Moshi au Kisumu anaandika d r m ubaoni. Wenzangu watatu wa hapa hawaijui. Mimi sauti yangu yote, hata ile ya Stainer, nimeiandika kwa solfa ndani ya folda nyeusi ninayoishika mbele ya watalii.

Kwa hiyo ninaomba msaada. Kama kabati la kwaya yenu lina karatasi za zamani za solfa za nyimbo za Krismasi kwa Kiswahili, hata zilizoliwa na mende, zipigeni picha mnitumie. Nataka tuimbe angalau mbili Desemba hii, na besi wetu anahitaji muda wa kujifunza matamshi.