Presha nzuri baada ya ajali haitoshi

Majeruhi wa bodaboda akipimwa presha ikasoma 118 kwa 80, ndugu hushusha pumzi: hajapoteza damu nyingi. Imani hiyo ni ya siku nyingi, ila presha huchelewa kushuka.

Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye upinde wa aorta (mshipa mkuu unaotoka moyoni) kuna vihisio vinavyofuatilia mkazo wa damu kila moyo unapopiga. Damu ikipungua, ubongo hupata taarifa papo hapo. Adrenalini, homoni ya dharura, humwagwa, moyo huenda mbio, mishipa midogo ya ngozi na utumbo hubanwa ili damu iliyobaki iwahi moyo na ubongo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu, kama lita moja na nusu, kabla namba ya juu ya presha haijaanguka. Watoto hujikaza zaidi, kisha huporomoka ghafla.

Basi mshike mkono: ni wa baridi, una jasho? Bonyeza ukucha, uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, tia shaka. Mapigo ya mtu mzima yakizidi 100 kwa dakika, naye anahangaika (wengi hudhani amelewa), awahishwe hospitali, mashine iseme itakavyosema.