Ule "uzito" wa oili ulioandikwa kwenye galoni ni nini hasa, na gari yenye nguvu yataka upi

Mpwa wangu amenunua Golf GTI, imeshuka melini juzi tu hapa Kilindini, na hata hajaipeleka kuosha akaja na swali, "mjomba, niweke oili uzito gani, fundi aniambia nitie 20W-50 manake Mombasa joto na gari yenyewe ina tabo", yaani lile feni linalozungushwa na moshi wa injini kuisukumia hewa zaidi. Nikamwambia ngoja, usifungue kifuniko chochote, kaa hapa kwanza tulielewe hili neno uzito, kwa sababu ndilo linaloua injini za watu wengi na wao wanadhani wamezitunza.

Sisi tunasema oili nzito na oili nyepesi, na ukishasema nzito akili yaenda kwenye nguvu, kwamba nzito ndio ya kazi ngumu na nyepesi ni ya gari za kina mama kwenda sokoni. Lakini ukiweka lita moja ya 20W-50 kwenye mizani na lita moja ya 0W-20 zote zacheza kati ya gramu 840 na 890 hivi, zote mbili zaelea juu ya maji. Kinachoitwa uzito hapa ni mnato, yaani oili inavyogoma kutiririka. Tui la kwanza na tui la mwisho vyote vimetoka kwenye nazi moja lakini moja ladondoka kwa kujivuta na jingine lakimbia kama maji, basi ni hilo tu. Na jambo la pili ambalo ndilo kubwa zaidi, mnato haukai mahali pamoja, wafuata joto, oili ile ile uliyoiona nzito asubuhi ukiimimina, ndani ya injini iliyochemka ni kitu kingine kabisa.

Nilimwonyesha kwa macho. Nikachukua chupa mbili ndogo za maji, moja nikatia 20W-50 ya kawaida na nyingine 5W-40 sintetiki, nikaacha nafasi ya kidole kimoja juu ili kuwe na hewa, nikazifunga. Asubuhi, chini ya mwarobaini, ukizipindua pamoja ile povu ya hewa kwenye 5W-40 inapanda mpaka juu na kufika, wakati ile ya 20W-50 bado iko njiani yajikokota imejinyoosha kama yai. Tukaziweka juu ya bati mpaka baada ya adhuhuri, unajua bati la mwezi wa pili linavyokuwa, hata kugusa huwezi, kuzipindua tena zote mbili zakimbia na tofauti imepungua sana. Sasa hilo ni joto la bati tu. Kwenye digrii 40 oili ya 20W-50 huwa na mnato wa kama sentistoksi 160 hivi (sentistoksi ndicho kipimo cha mnato) na ya 5W-40 iko karibu nusu yake, zikifika digrii 100 moja iko kwenye 18 na nyingine kwenye 14, zote zimekuwa nyembamba na zimekaribiana. Injini yafanya kazi huko kwenye 100, sio kwenye duka la spea unapoitikisa galoni.

Tuje kwenye namba zenyewe. Huu mpangilio umetoka kwa SAE, chama cha mainjinia wa magari cha Marekani, walianza kupanga oili kwa mnato tangu 1911. Herufi W ni ya baridi ya kwao, majira ya theluji, kwa hiyo namba iliyo kabla ya W yasema oili inaweza kuzungushwa na staata kwenye baridi kiasi gani, 5W hupimwa kwenye digrii 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Mombasa hata usiku wa mwezi wa saba kusi likivuma huwezi kuona baridi ya kukaribia hizo namba. Chukua chupa ya mafuta ya nazi hapa nyumbani ni maji maji karibu mwaka mzima, mpelekee shangazi yako Limuru ataipata imeganda nyeupe kama samli, hiyo ndiyo shida ambayo namba ya W iliwekwa kuitatua na sisi hatuna. Lakini usiitupe, manake W ndogo bado ina faida moja, oili inafika juu kwenye vali na kwenye tabo mapema zaidi ukiwasha asubuhi, na zile sekunde za kwanza kabla oili haijafika ndizo chuma chakutana na chuma. Kwa hivyo usiogope 0W au 5W eti ni ya Ulaya. Ya kuangalia kwa makini ni namba ya pili.

Namba ya pili hupimwa kwenye digrii 100. Ikiwa 30 ni mnato wa sentistoksi 9.3 mpaka kabla ya 12.5, 40 ni 12.5 mpaka kabla ya 16.3, 50 ni 16.3 mpaka kabla ya 21.9, 60 yaendelea mpaka kabla ya 26.1. Halafu kuna kipimo kingine ambacho hakiandikwi mbele ya galoni na kwa gari yenye nguvu ndicho chenye maana kuliko vyote, oili inapimwa kwenye digrii 150 huku ikisagwa kwa kasi, kama vile inavyosagwa kati ya krenki, ile shafti kuu ya injini, na beringi yake ukikanyaga mafuta mpaka chini. Kwa Kizungu chaitwa HTHS, ukiona herufi hizo kwenye karatasi ya oili zisikubabaishe. Namba zake sio za sentistoksi, ni za kipimo chake chenyewe: gredi ya 20, yaani namba ya pili ikiwa 20, yatakiwa isishuke chini ya 2.6, gredi ya 30 isishuke chini ya 2.9, na 5W-40 isishuke chini ya 3.5. Kadiri hiyo namba ilivyo juu ndivyo ule utando wa oili unavyobaki mzima pale joto na mkandamizo vinapokuwa vikali.

Manake krenki haikai juu ya beringi yake, inaelea. Kati yao kuna nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele, na pampu yaijaza oili pale na krenki ikizunguka inajivutia oili chini yake kama kabari na kuinuka, haigusi chuma. Tabo nayo ni hivyo hivyo, ile shafti yake yazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na upande mmoja kuna moshi wa moto mkali, na kinachoishikilia ni utando wa oili peke yake. Oili ikiwa nyembamba kupita kiasi utando wakatika. Ikiwa nene kupita kiasi haipenyi haraka kwenye nafasi ile, inayopita ni kidogo, na oili kwenye beringi kazi yake sio kulainisha tu, yabeba joto na kuondoka nalo, ikipita kidogo joto labaki pale pale.

Kwa hiyo anayeamua mnato ni yule aliyeichonga injini, sio jua la Mombasa wala sifa za gari. Tazama hizi tatu, zote ni gari za kukimbia kweli kweli. Toyota GR Yaris ina injini ya lita 1.6 silinda tatu na tabo, yatoa zaidi ya nguvu za farasi 250, na Toyota wanasema 0W-20. Nissan GT-R ile R35, V6 ya tabo mbili, ni 0W-40. BMW M3 ya E46, haina hata tabo, ni 10W-60. Ukifuata hesabu ya kwamba gari kali yataka oili nzito basi GR Yaris ingekuwa imekufa zamani. Haijafa kwa sababu nafasi za beringi zake, pampu yake na namna inavyopoozwa vyote vilipangwa kwa oili ile, na M3 nayo ilipangwa kwa yake, ukibadilishana hizo mbili waweza kuziua zote.

Haya ninayosema yamenipata mwenyewe. Nilikuwa na Impreza ya tabo, na gereji moja niliyokuwa naenda miaka hiyo wakanitilia 20W-50, na mimi nilifurahi sana manake sindano ya preshi ilipanda, nikaona sasa injini imeshiba. Nilikuwa sijui kwamba preshi ni ukinzani, bomba likiziba preshi yapanda vile vile na maji hayapiti. Asubuhi nikiwasha nasikia ta-ta-ta-ta juu kwa sekunde kadhaa ndipo inyamaze, gari ikawa nzito kuitika, na baada ya wiki chache taa ya injini ikawaka, shida ilikuwa kwenye ile mitambo ya kuchezesha muda wa vali, ina vijitundu vidogo vinavyotegemea oili ipite upesi. Nikamwaga nikarudi kwenye 5W-30 iliyoandikwa kitabuni, kelele ikaisha siku hiyo hiyo. Pesa ya oili ilipotea lakini kilichoniuma ni zile asubuhi zote nilizoisikia ikilalamika na mimi nasema ndio kawaida ya Subaru.

Na joto letu je, halina kazi? Lina kazi lakini sio ile watu wanayoifikiria. Injini ina themostati, maji yakaa kwenye 90 hivi iwe uko Nairobi au Mombasa, na oili kwenye safari ya kawaida yakaa 90 mpaka 110. Tofauti ya hewa ya nje kati ya miji hii miwili haiwezi kukupeleka kutoka oili ya 30 mpaka ya 50. Kinachochosha oili hapa kwetu ni mwendo wenyewe. Foleni ya feri Likoni, saa nzima injini yanguruma bila kwenda, kilomita hazihesabiwi lakini oili inaiva, preshi iko chini na upepo hamna. Safari fupi fupi za Nyali na tauni, injini haijapata moto sawasawa ushaizima, petroli inavuja kidogo kidogo kupita pistoni na kuingia kwenye oili na kuifanya nyembamba. Halafu Ijumaa jioni mtu atoka moja kwa moja kupanda Mazeras mpaka Mariakani nyuma ya malori, kila nafasi akiipata akanyaga, tabo yachemka hasa. Kama kitabu cha gari yako chatoa nafasi ya gredi mbili, kwa maisha haya chagua ile ya juu yake, 30 kwenda 40, hatua moja. Na injini iliyozeeka ikawa yala oili, hatua moja pia yaweza kusaidia. Hatua mbili ni kubahatisha.

Kuna na yale maandishi ya nyuma ya galoni ambayo hakuna anayeyasoma na mimi naona yana thamani kuliko picha ya gari ya mbio iliyoko mbele. 5W-40 mbili zaweza kuwa na mnato mmoja na ndani zikawa vitu tofauti. Kwa GTI ya mpwa wangu tunatafuta idhini ya Volkswagen, VW 502 00, hiyo yalazimisha kile kipimo cha digrii 150 kisipungue 3.5. Kama gari yako haina idhini yake ya kampuni na kitabu chake chakubali 40, angalia alama ya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, iwe A3/B4, nayo ni 3.5 kwenda juu, tofauti na A5/B5 ambayo iko kati ya 2.9 na 3.5. Kisha angalia alama ya API, chama cha mafuta cha Marekani. Injini za sasa za tabo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wa mafuta kuwaka kabla ya wakati ukikanyaga sana huku injini yazunguka polepole, gia ya tano unataka kupita lori, na mlipuko ule waweza kupasua pistoni kabisa. Iligundulika oili yenyewe inachangia, hasa kalsiamu ya kusafishia ikiwa nyingi, ndipo ikaja API SN Plus 2018 na SP mwaka 2020 zenye kupimwa kwa jambo hilo. Ukiona galoni imeandikwa SL au SJ mwachie mwenye gari ya zamani.

Neno sintetiki nalo lisikulevye. Tangu uamuzi wa 1999 kule Marekani, oili ya petroli iliyosafishwa sana yaruhusiwa kuuzwa kwa jina la sintetiki sawa na ile iliyoundwa kiwandani kwa kemikali. Sio wizi, nyingi ya hizo ni nzuri, ila ndio sababu nakwambia soma idhini, manake idhini ni mtihani oili imepita na sintetiki ni jina tu.

Basi mpwa wangu amenunua 5W-40 yenye 502 00 na API SP, na fundi yule yule ndiye aliyemwaga, hatukugombana naye, tulimsomesha kitabu akakubali. Galoni moja ya lita 4 haikutosha, GTI hiyo yataka zaidi, kwa hivyo alichukua na chupa za lita moja moja pembeni na iliyobaki ameiweka kwenye buti. Tumekubaliana amwage kila kilomita 5,000 au miezi sita, hata kama kitabu chasema nyingi zaidi, hayo ni maoni yangu kwa sababu ya ile feri. Na kila Ijumaa asubuhi kabla hajawasha achomoe dipstiki, afute, arudishe, achomoe tena, atazame imefika wapi kisha anuse, kama yanuka petroli anipigie simu.