Kichina kwa AR: toni haikai mdomoni

Tangu maabara yetu ya lugha hapa Arusha ianzishe mazoezi ya matamshi ya Kichina kwa AR (teknolojia ya kuchora picha juu ya kile kamera inachoona) malalamiko ni yaleyale, "simu hainielewi", "hiki kitu wamewatengenezea Wachina wenyewe". Wengi ni waongoza watalii na wauza vinyago, na tunajua mna haraka ya kuongea na wageni. Ila tuelewane.

Ukiwasha kamera ya mbele programu inakuchorea midomo ya mfano juu ya midomo yako. Hiyo inasaidia kwa sauti kama ü ambayo lazima uchongoe mdomo, basi. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, inatengenezwa kooni, kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo unaweza kuiga ule mdomo vizuri kabisa na bado ukasema mài, kuuza, wakati ulitaka mǎi, kununua. Angalieni ule mstari unaoelea pembeni ya uso: toni ya kwanza umenyooka juu, ya pili unapanda, ya tatu unazama chini, ya nne unaporomoka. Mwenye sauti nzito asijibane, kinachopimwa ni kupanda na kushuka ndani ya sauti yako mwenyewe, ndo maana mwanzoni unaambiwa utoe sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Hatua hiyo mnairuka halafu mnasema simu mbovu!

Na kwenye salamu nǐ hǎo silabi ya kwanza ikichorwa inapanda siyo kasoro, toni ya tatu mbili zikifuatana ya mbele inageuka ya pili.

Hii ya "sisi toni hatuziwezi" sijui nani kaianzisha. Kichaga kina toni. Kimaasai nacho, mtu wa Monduli anatofautisha mtenda na mtendwa kwa toni tangu utotoni halafu anakuja kuniambia masikio yake hayajazoea.

Sasa utaratibu. Sauti na sura yako ni taarifa binafsi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023. Fomu ya ridhaa inasainiwa kabla ya kuwasha kamera, nakala mbili, moja yetu moja yako, na aliye chini ya miaka 18 anasainiwa na mzazi au mlezi, siyo rafiki aliyemsindikiza. Ukitaka rekodi yako ifutwe njoo dirishani na kitambulisho, andika tarehe ya kipindi na namba ya kifaa, bila namba hatuipati. Ukimrekodi mwenzako ukarusha kwenye grupu la WhatsApp, hata kwa utani, unasimamishwa maabara, na yeye ana haki ya kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Halafu njooni na hedifoni zenye maiki, spika zikilia chumba kizima mstari unafuata sauti ya jirani.